Mtihani wa Darasa la Saba na Amana ya Wazazi

(Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa na afya na amani, na tunamwomba ampe rehema Mtukufu Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuja kuwatoa watu katika giza la ujinga.

Ndugu wapenzi, tumepewa tuzungumze juu ya mitihani ya taifa inayofanywa na watoto wetu katika shule za msingi za serikali. Huenda wapo watakaouliza: je, jambo hili ni la msikitini? Tunajibu kwamba mtoto ni amana, na siku ya kuulizwa juu ya amana haitatenganisha mambo ya shule na mambo ya msikiti. Kila mwaka mwezi Septemba watoto wa Darasa la Saba hukaa kwenye madawati kwa siku mbili. Wanayoyaandika katika siku hizo mbili huamua nani ataingia Kidato cha Kwanza na nani atarudi nyumbani. Jambo linaloamua njia ya mtoto kwa kiasi hicho haliwezi kuachwa kwa mwalimu peke yake.

MTIHANI HUU NI NINI?

Kwanza yafaa tufahamu tunachokizungumza. Baada ya uhuru nchi yetu ilishirikiana na jirani zake katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo ni Baraza hilo linalotunga, kusimamia na kusahihisha mitihani ya taifa. Kwa watoto wa shule za msingi upo Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, kisha Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi katika Darasa la Saba. Masomo yake siku hizi ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, na jumla yake ni 300. Aliyepata madaraja ya A, B au C, yaani kuanzia alama 121, huhesabiwa kuwa amefaulu.

Kuna haki kubwa ndani ya utaratibu huu, na tusiidharau. Asubuhi moja, karatasi ile ile hufunguliwa Dar es Salaam, Mbulu mjini, Haydom, Katesh, Bassotu na Yaeda Chini. Juu ya karatasi mtoto huandika namba. Msahihishaji hajui kama baba yake ni mkurugenzi au mchunga ng'ombe, wala hajui anaswali msikitini, anasali kanisani au hana dini. Mtoto wa maskini hana baba wa kumpigia simu mkubwa fulani, na kwake namba ile ni ulinzi. Anayeuharibu mtihani huwaumiza kwanza maskini.

MIZANI MOJA, MIZIGO TOFAUTI

Hata hivyo, ndugu wapenzi, mizani ikiwa moja haina maana kwamba waliobeba mizigo wamepita njia moja. Tutazame hali ya wilaya zetu mbili.

Mtihani huu, isipokuwa somo la Kiingereza, huandikwa kwa Kiswahili katika shule za serikali. Mtoto wa Tanga au wa Unguja huamka na Kiswahili na kulala nacho. Huku kwetu watoto wengi hulelewa kwa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya jamii ya Kikushi. Wengine kwa Kidatoga cha Wabarbaig, ambacho ni cha Kiniloti. Na katika bonde la Yaeda wapo watoto wa Kihadzabe, ambao lugha yao haijulikani kuwa na ndugu. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ya Kibantu. Mtoto wa pwani akisema "kitabu changu" na "vitabu vyangu" hafanyi kazi yoyote, amezisikia ngeli hizo tangu tumboni. Mtoto wa Dongobesh huzikuta darasani kama mtu anayekutana na wageni. Naye hupewa hesabu ya maneno, kwamba mfanyabiashara alinunua magunia kadhaa akauza kwa faida ya asilimia fulani. Huenda akaweza kuzidisha na kugawanya vizuri kabisa, lakini akashindwa kwa sababu hakulielewa neno moja katika swali.

Ongeza hapo umbali wa shule, na mwezi wenyewe wa Septemba, ambao ni wa kiangazi, wakati familia nyingi za wafugaji zinahangaika na mifugo kutafuta maji na malisho. Ongeza maafa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki dunia. Watoto waliopoteza wazazi, nyumba na madaftari walifungua shule mwezi uliofuata, na mtihani wao ukawa sawa na wa wenzao wa nchi nzima.

Hatusemi haya ili mtoto wetu apewe karatasi nyepesi. La hasha! Karatasi nyepesi ingekuwa dharau. Tunasema ili wazazi wajue kwamba mtoto wa Mbulu na Hanang anahitaji kusaidiwa mapema zaidi, na kwamba asiitwe mjinga kabla hatujatazama alikopitia.

JE, KUFAULU NI KUJUA?

Jambo la tatu ni hili: tusidanganywe na namba. Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa Darasa la Saba nchini walikuwa asilimia 30.72 tu. Mwaka 2013 wakawa asilimia 50.61, mwaka 2016 asilimia 70.36, mwaka 2019 asilimia 81.50, na mwaka 2024 asilimia 80.87. Ni maendeleo ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na walimu wanastahili pongezi. Lakini mzazi mwenye busara huuliza: mwanangu mimi anajua nini?

Swali hili lina sababu. Mwaka 2012 Serikali iligundua kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokwisha kuingia Kidato cha Kwanza, baada ya kuhesabiwa wamefaulu mtihani wa mwaka 2011, hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa kuchagua jibu kati ya herufi chache unaweza kubahatishwa, na pia unaweza kunakiliwa kwa kutupa jicho kwa jirani. Ndiyo maana baadaye yaliongezwa maswali ambayo mtoto huandika jibu mwenyewe. Na mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipokwenda majumbani na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili, walikuta kwamba katika watoto 10 wa Darasa la Tatu ni takriban 3 tu walioweza kuisoma. Miongoni mwa waliofika Darasa la Saba, takriban mmoja kati ya watano hakuiweza.

Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kusoma na kuandika na ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa waliambiwa wawafundishe watoto kumi wa Madina kila mmoja. Watoto wale walipokwisha kujua, mateka aliachiwa. Tazameni kipimo hicho. Hakuulizwa amefundisha siku ngapi, wala hakupewa cheti cha kuhudhuria. Kilichotazamwa ni mtoto: je, amejua?

Kipimo hicho kila mzazi anacho nyumbani, hata yule asiyejua kusoma. Mpe mtoto wa Darasa la Tatu kipande cha gazeti, mwambie asome kwa sauti, kisha akusimulie alichosoma. Akisoma bila kusimulia, hajaelewa. Akikwama kila neno, nenda kwa mwalimu wake kesho asubuhi, usingoje Septemba ya Darasa la Saba.

DHAMBI YA KUMFELISHA MTOTO MAKUSUDI

Sasa tunafika penye uchungu, na tunaomba mtuvumilie kwani tutasema waziwazi.

Walimu na viongozi wa Serikali wamelilalamikia kwa miaka mingi, katika maeneo ya wafugaji nchini, jambo la wazazi wanaowaambia watoto wao waandike majibu ya uongo ili wasifaulu. Mvulana huambiwa: ukifaulu, nani atachunga? Msichana huambiwa: mahari yako imekwisha kuzungumzwa. Mtoto anaketi mbele ya swali ambalo jibu lake analijua, anaweka alama kwenye jibu lingine, kisha anatoka nje akiwa amemtii baba.

Ndugu wapenzi, hebu tulipime tendo hili. Mzazi huyu amemfundisha mtoto uongo, tena uongo wa maandishi. Amemwibia mtoto haki yake. Na amemwekea mtoto mtego: akimtii baba anajidhulumu, asipomtii anaogopa kukosa radhi. Utii kwa wazazi ni nguzo ya adabu yetu, lakini hakuna utii katika dhulma. Mzazi anayeitumia heshima aliyopewa na Mwenyezi Mungu kumharibia mtoto wake atajibu kwa Aliyempa heshima hiyo.

Tunajua hoja za wazazi hawa, na si zote ni za ubaya. Mmoja atasema: nimewaona waliofika Kidato cha Nne wamekaa kijiweni Katesh, ng'ombe hawana na kazi hawana. Ni kweli wapo. Mwingine atasema: shule ni bure lakini sare, daftari na chakula vina gharama. Ada ya shule za msingi iliondolewa kuanzia mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 elimu bila ada ilifika Kidato cha Nne, lakini ni kweli kwamba mfuko wa mzazi bado unaguswa. Basi tujibu hoja kwa hoja.

Je, mifugo na shamba vinamhitaji asiyesoma? Tuikumbuke kesi ya Mulbadaw hapa Hanang. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalichukua maeneo ya malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi ule, na sababu mojawapo ilikuwa kukosekana kwa uthibitisho kwamba kijiji kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Wafugaji walikuwa na makaburi ya wazee wao katika ardhi hiyo. Mahakama iliuliza ushahidi unaokubalika kisheria. Tangu siku zile karatasi hazikupungua, zimeongezeka: hati za kimila, mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji, mikataba ya mazao, mikopo, bima. Mfugaji wa kesho asiyeweza kusoma atatia kidole gumba chini ya maneno aliyosomewa na mtu mwingine. Kwa hiyo anayependa ng'ombe na ampeleke mchungaji wake shule.

Na kuhusu binti, sheria imekwisha kusema. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini tusingoje sheria itufundishe huruma. Binti aliyefelishwa ili aozwe akiwa na miaka kumi na minne atakuwa mama asiyeweza kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa ya mtoto wake. Hasara hiyo haimhusu yeye peke yake, inarithiwa.

DHAMBI YA PILI: KUMFAULISHA KWA WIZI

Upo pia upande wa pili wa kosa lile lile. Kama wapo wanaowafelisha watoto kwa uongo, wapo wanaowafaulisha kwa uongo.

Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya mtihani wa Darasa la Saba katika shule zote za wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, na katika shule kadhaa za Kondoa, Dar es Salaam na Mwanza, baada ya kubainika kuwa mtihani ulivuja. Tarehe 8 Oktoba 2018 watoto wakaurudia. Kondoa wanapakana nasi, si watu wa mbali. Fikirieni watoto wa Chemba ambao hawakuona karatasi iliyoibwa, waliosoma usiku kwa taa hafifu, nao wakaingizwa katika aibu ya wakubwa. Watu wazima ndio walioiba, na watoto ndio waliorudi kukaa kwenye madawati.

Imepokewa kwamba Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaliona rundo la nafaka linalopendeza. Akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke iliyolowa juu ili watu waione, na akamtenga mdanganyifu na umma wake. Sisi tunaouza mahindi, ngano na vitunguu saumu tunaelewa vizuri maana ya gunia lililopambwa juu. Shule yenye ufaulu mzuri kwenye ubao wa matangazo na watoto wasiojua kusoma darasani ni rundo lile lile. Mzazi anayechanga fedha za kununua "majibu" amenunua nafaka iliyolowa, akiwa anajua.

Baraza nalo liliona madhara ya ushindani uliopita kiasi. Mwaka 2023 liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sisi tuliizoea orodha ile kama matokeo ya mpira, lakini mtoto si timu.

MIZANI NAYO IPIMWE

Haki inatutaka tuseme pia kwamba wapimaji ni wanadamu. Mwaka 2012 kulitokea kasoro katika matokeo ya somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu ya Kidato cha Sita. Waislamu wakalalamika, Baraza likakiri kasoro na matokeo yakarekebishwa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka huo huo, ambayo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, yalifutwa na Serikali mwaka 2013 na kupangwa upya baada ya tume iliyoundwa na Waziri Mkuu kuchunguza. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, matokeo yakitiliwa shaka kwa hoja, yaweza kuchunguzwa na kusahihishwa. Pili, anayelalamika na awe na ushahidi, kwani kilio kisicho na hoja huwapa wakosaji nafasi ya kujificha. Wazazi wenye malalamiko waende shuleni, kisha kwa Afisa Elimu wa wilaya, kwa maandishi na kwa adabu, na wafuatilie mpaka wapate jibu.

TUFANYE NINI?

Ndugu wapenzi, hotuba isiyoacha kazi ni upepo. Basi tunapendekeza kazi hizi.

Kwanza, kila mzazi ahudhurie mkutano wa wazazi shuleni, na asikilize habari za kusoma, kuandika na kuhesabu za madarasa ya chini kwa makini kama anavyosikiliza habari za Darasa la Saba. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, tuzungumze Kiswahili na watoto kila siku kwa muda, tuwasimulie hadithi na tuwaulize maswali, bila kuidharau lugha ya mama. Na Kiingereza tusikisahau, kwa kuwa Kidato cha Kwanza hufundishwa kwa lugha hiyo.

Tatu, madrasa zetu zisigombane na shule. Mwalimu wa madrasa apange vipindi ili mtoto wa Darasa la Saba apate nafasi ya kujisomea, na msikiti wenye taa uwafungulie watoto mlango baada ya Isha, wa dini zote, wakisimamiwa na vijana waliosoma.

Nne, wenye mazao tuchangie chakula cha mchana shuleni. Mtoto aliyetembea kilomita nyingi bila kula hawezi kushindana na hesabu saa nane mchana.

Tano, mtoto asipofaulu, tusimfungie dunia. Vipo vyuo vya ufundi vya VETA, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango hapa Mbulu, na kwa walioacha shule upo mpango wa MEMKWA. Tangu mwaka 2021 Serikali imeruhusu walioacha shule, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi darasani. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imekusudia elimu ya lazima ya miaka kumi, ili mtoto asifungiwe mlango akiwa bado mdogo.

Mwisho, tunawaambia watoto wetu mlioketi mbele: ukikaa kwenye dawati, andika unachokijua. Ukiambiwa na mtu yeyote uandike uongo, ili ufeli au ili ufaulu, mwambie mwalimu unayemwamini, au mwambie imamu. Sisi wazee tuko upande wako.

Katika Kiswahili chetu mtihani ni karatasi ya shuleni, na pia ni jaribu linalomfika mtu kutoka kwa Mola wake. Siku zile mbili za Septemba karatasi iko mbele ya mtoto, na jaribu liko mbele ya mzazi. Mwenyezi Mungu atujalie tusishindwe lile la kwetu, awafungulie watoto wetu vifua vyao, na aibariki Mbulu na Hanang kwa elimu yenye manufaa. Amin.